Jinsi ya kuandaa rehani ya benki itakayosimama mahakamani: kwa mawakili wanaoanza kazi Nyanda za Juu Kusini

Faili la kwanza la benki humfikia wakili wa Mbeya, Iringa au Njombe kwa namna hii: meneja wa tawi anapiga simu, ana mteja anayetaka mkopo wa kununulia mpunga wakati wa mavuno Mbarali, dhamana ni nyumba, na hela inatakiwa itoke wiki hiyohiyo. Haraka hiyo ndiyo inayozaa kesi. Nguvu ya rehani hujengwa kabla hela haijatoka, na kazi hiyo ni ya wakili. Hivi ndivyo ninavyolishughulikia faili la aina hiyo.

Hatua ya 1: Weka wazi unamwakilisha nani

Barua ya maelekezo ikitoka benki, mteja wako ni benki, hata kama ada yako inakatwa kwa mkopaji. Mwambie mkopaji mapema: "Mzee, mimi hapa ni wakili wa benki. Kwa ushauri wa kukulinda wewe, tafuta wakili wako." Kisha soma ofa ya mkopo sambamba na hati na kitambulisho cha taifa. Huku kwetu majina hutofautiana kwa herufi moja: Mwakalinga kwenye hati, Mwakalinge kwenye kitambulisho. Usiliache hilo. Andaa kiapo cha kuthibitisha majina sasa, maana Msajili wa Hati ataliona.

Hatua ya 2: Fanya upekuzi wa hati, halafu nenda kwenye kiwanja

Nakala ya hati aliyokuletea mkopaji haitoshi. Omba upekuzi kwa Msajili wa Hati na usome majibu yake neno kwa neno: mmiliki ni nani, kuna rehani nyingine, kuna zuio, muda wa miliki umebaki kiasi gani. Ulizia pia kodi ya pango la ardhi.

Baada ya hapo nenda mwenyewe. Kiwanja cha Uyole kinaweza kuwa safi kwenye daftari huku ndani wanaishi wadogo wa marehemu aliyekuwa nacho, na mirathi yake haijafungwa. Muulize mwenyekiti wa mtaa, waulize majirani wa pande zote.

Kama alichonacho mkopaji ni karatasi ya mauziano ya mtaani tu, irudishie benki taarifa hiyo kwa maandishi. Kama ni hati ya kimila, na wilaya kama Mbozi zilianza mapema kuzitoa, sheria yake ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114. Kagua masjala ya ardhi ya kijiji na ya wilaya, na uikumbushe benki kwamba haki ya kimila haihamishiwi mtu asiye mwanakijiji bila kibali cha halmashauri ya kijiji. Mnada wa shamba la namna hiyo una wanunuzi wachache.

Hatua ya 3: Ridhaa ya mwenzi

Hapa usikimbie. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inataka rehani ya nyumba ya ndoa iwe na ridhaa ya mwenzi, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inasimamia msimamo huohuo. Mkopaji anawajibika kusema kama ana mwenzi. Benki nayo inawajibika kuchukua hatua za kujiridhisha. Akitoa kiapo cha uongo kwamba hana mke, anatenda kosa la jinai. Lakini kosa lake halitakuzuia wewe kukaa mahakamani miaka ukijibu zuio la mkewe.

Kwa hiyo usiridhike na fomu iliyorudi imesainiwa. Omba kukutana na mama mwenyewe, ikiwezekana bila mumewe. Msomee kiasi cha mkopo, muda wake, na nyumba ipi inawekwa. Halafu mwombe akueleze yeye: "Mama, hela hii isiporudi, nini kitatokea?" Akijibu "nyumba itauzwa", ameelewa. Akijibu "baba atajua cha kufanya", hajaelewa, na saini yake usiichukue siku hiyo. Kama hasomi, au Kiswahili cha kisheria kinampa shida, tafuta mkalimani anayeijua lugha yake, na uandike kwenye waraka kwamba amesomewa na kutafsiriwa. Bandika picha yake.

Ndoa ya wake wengi ipo kisheria. Mfanyabiashara mwenye duka Mwanjelwa anaweza kuwa na familia nyingine Kyela. Uliza moja kwa moja.

Kiapo cha ridhaa kisishuhudiwe na wewe. Kamishna wa viapo haruhusiwi kushuhudia kwenye shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmoja. Mpeleke mama kwa wakili mwingine, na uhakikishe sehemu ya uthibitisho ina mahali na tarehe.

Hatua ya 4: Mkopaji akiwa kampuni au AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima)

Kwa kampuni, pata azimio la bodi na usajili dhamana BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, ndani ya siku 42 tangu ilipoundwa. Ukipitwa na siku hizo, kampuni ikifilisika dhamana haitasimama dhidi ya mfilisi na wadai wengine. Kwa AMCOS ya kahawa au chai, ulizia ukomo wa madeni: umepitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis wa vyama vya ushirika? Mkopo unaovuka ukomo huo usiuandikie mkataba.

Hatua ya 5: Saini, stempu, usajili

Lipa ushuru wa stempu ndani ya siku 30. Waraka usio na stempu haupokelewi kama ushahidi. Sajili rehani kwa Msajili, chukua waraka uliosajiliwa, ndipo uiandikie benki kwamba hela inaweza kutoka. Meneja atakusukuma utoe barua hiyo kwa risiti ya maombi pekee. Mkatalie.

Hatua ya 6: Mkopo ukikwama

Toa notisi ya siku 60 ikieleza kasoro, kiasi kinachodaiwa na namna ya kurekebisha. Hakikisha imemfikia mkopaji na una saini ya mapokezi, kwa sababu siku zinahesabiwa tangu alipoipokea. Zikiisha, dalali anatoa tangazo la mnada la siku zisizopungua 14, mjini kwenye makao ya wilaya na kwenye eneo lenyewe. Agiza uthamini mpya: bei ikishuka kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, sheria inachukulia kwamba benki haikutimiza wajibu wa kutafuta bei nzuri, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unakuwa wako. Mkopaji akilipa kabla ya nyundo kugonga, simamisha mnada, kisha andaa hati ya kufuta rehani na uipeleke kwa Msajili yuleyule ulikosajili.