Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutafuta Hitilafu Kati ya Mikrokontrola Mbili

Mikrokontrola mbili, yaani kompyuta ndogo za chipu moja zinazoongoza vifaa, zinapoacha kusikilizana, wengi hukimbilia kompyuta na kuanza kubadilisha programu mstari baada ya mstari, ilhali hitilafu nyingi za mawasiliano ya mfululizo (biti, yaani moja na sifuri, zikipita moja baada ya nyingine) zimo kwenye nyaya, graundi (waya wa volteji sifuri) na volteji. Hapa Lamu ipo sababu nyingine ya kujitayarisha kabla ya kugusa chochote, kwa kuwa rizista ya shilingi chache ikikosekana mara nyingi huagizwa Mombasa au Nairobi, ikasafiri kwa barabara hadi Mokowe, kisha ikavushwa kwa mashua. Chukua mfano wa ESP32 iliyowekwa juu ya paa kupima kina cha maji ndani ya tangi, ikipeleka habari kwa Arduino Uno iliyo chini, ambayo kazi yake ni kuwasha na kuzima pampu ya kisima.

Kabla ya kupanda paani, hakikisha una multimita yenye betri nzima, rizista za kilo-omu 4.7, kilo-omu 2.2 na omu 120, kibadilisha volteji cha njia mbili (cha kupatanisha mawimbi ya volti 5 na 3.3), na nyaya fupi za akiba. Kwa maoni yangu, kifaa kinachopaswa kununuliwa mara tu baada ya multimita ni kile kidogo cha kuchanganua mawimbi ya kidijitali, kinachochomekwa kwenye kompyuta na kusomwa kwa programu ya bure kama PulseView. Multimita hukuonyesha wastani wa volteji tu. Haiwezi kukuambia ni biti gani iliyopotea, na bila kuziona biti zenyewe utabaki kubahatisha.

Andaa pia karatasi. Chora kila waya unatoka pini gani na kuingia pini gani: kwenye Uno, njia ya data ya I2C (mawasiliano ya nyaya mbili, data na saa) ni A4 na ya saa ni A5, na kwenye ESP32 kwa kawaida hutumiwa 21 na 22. Andika ni upande upi unaoongoza, kasi iliyowekwa na anwani ya anayeitikia. Anwani ina mtego wake, kwani nyaraka nyingine huiandika kwa biti 7 na nyingine huichanganya na biti ya kusoma au kuandika, hivyo kifaa kimoja kikaonekana 0x50 huku na 0xA0 kule (0x ni alama ya namba za msingi wa 16).

Jambo ambalo halifai kuharakishwa ni graundi na volteji. Mikrokontrola mbili zenye vyanzo tofauti vya umeme, moja ikitumia sola paani na nyingine adapta ya ukutani, hazina kipimo cha pamoja cha sifuri mpaka graundi zao ziunganishwe, na zisipounganishwa data inaweza kufika vizuri asubuhi na kuharibika jioni. Uno hufanya kazi kwa volti 5, ilhali ESP32 ni ya volti 3.3 na pini zake hazikukusudiwa kupokea volti 5. Upande wa pili nao una tatizo lake: kwa mawasiliano ya I2C, chipu ya Uno inayotumia volti 5 huhitaji angalau volti 3.5 ili isome biti 1 kwa uhakika, kwa hiyo volti 3.3 zinaweza kupokewa leo na kukataliwa kesho. Weka kibadilisha volteji katikati tangu mwanzo, na ukumbuke kwamba maktaba ya kawaida ya programu ya I2C ya Uno huwasha rizista za ndani zinazovuta njia kuelekea volti 5, hata kama hukuziomba.

Rizista hizo za ndani ni dhaifu, kati ya kilo-omu 20 na 50, na hazitoshi waya ukirefuka; ndiyo sababu ya kubeba zile za kilo-omu 4.7 na 2.2. Umeme ukiwa umezimwa, pima kama njia yoyote imegusana na graundi. Umeme ukiwashwa na njia zikiwa zimetulia, data na saa zote mbili zinapaswa kusoma karibu na volteji kamili ya upande wake; ukiona sifuri, ama rizista za kuvuta juu hazipo, ama kuna kifaa kilichoishikilia njia chini. I2C huruhusu kapasitansi (uwezo wa nyaya kuhifadhi chaji) isiyozidi pikofaradi 400, na kebo ya mita kadhaa huimaliza nafasi hiyo. Kutoka paa la nyumba ya ghorofa hadi kisimani ningetumia RS-485, mfumo wa mawasiliano ya masafa marefu, kwa jozi ya nyaya zilizosokotwa na rizista ya omu 120 katika kila ncha. Ikikataa, jaribu kubadilishana nyaya za A na B, maana watengenezaji hawakubaliani juu ya herufi hizo.

Hewa ya bahari ni adui wa kweli wa kazi hii. Chumvi huvuta unyevu, shaba hushika kutu ya kijani, na kiungo kinachoonekana kizima hukatika ukikitikisa, kwa hiyo pima mwendelezo wa kila waya huku ukiuvuta kidogo. Bredibodi, ubao wa kuchomeka nyaya bila kulehemu, ni ya mezani, wala isiachwe paani. Viungo vya kudumu vilehemiwe na kufunikwa.

Ukitumia UART, mawasiliano yasiyo na njia ya saa, pini ya kutuma ya upande mmoja huingia pini ya kupokea ya mwingine, na kasi iwe sawa pande zote. Kwa saa ya megahezi 16, kasi ya biti 115200 kwa sekunde kwenye Uno hukosea kwa takriban asilimia 2.1, kiasi ambacho kinakaribia kikomo, lakini 9600 na 38400 hukosea kwa asilimia 0.2 tu. Pini 0 na 1 za Uno hutumiwa pia na USB, basi chomoa nyaya zake kabla ya kupakia programu.

Mwisho, tayarisha programu fupi za majaribio zisizohusika na pampu wala tangi: moja ya kutafuta anwani zinazoitikia, nyingine ya kutuma 0x55 mfululizo, kwa kuwa biti zake hupishana moja na sifuri na ni rahisi kuzisoma. Anza mezani kwa nyaya za sentimita 20. Programu ya Uno iandike ujumbe kila inapowaka, ili ujue kama pampu inapoanza huivuta volteji chini na kuiwasha upya katikati ya mazungumzo. Hilo likitokea, ESP32 ikiwa ndiyo iliyokuwa ikiitikia, inaweza kubaki imeishikilia njia ya data chini. Mapigo 9 ya saa kutoka kwa anayeongoza kwa kawaida huifungua, kwa hiyo yaweke mwanzoni mwa programu kabla ya kuiwasha I2C.