Kabla dalali hajapiga hodi: namna ya kuulinda mlango, kiti na msahafu wa nyumbani

Dalali wa vitu vya kale haji usiku. Huja asubuhi, kanzu imepigwa pasi, akasalimia barazani mmoja mmoja, akaulizia hali ya bibi na kama mtoto wa Mombasa amepiga simu. Kisha huugusa mlango, akatikisa kichwa: "Huu umeshaliwa na mchwa. Mimi nitawaletea mpya, na kitu kidogo juu yake." Familia yenye bili ya hospitali husikia hilo neno la mwisho tu. Wiki ya pili miimo, zile mbao mbili za ubavuni mwa mlango, imefungwa magunia, iko ndani ya mashua, inakwenda Mokowe, ng'ambo ya bara.

Mimi ni fundi wa nakshi hapa Lamu, karakana yangu iko Langoni. Nachonga milango, masanduku na viti vya enzi, na nakala nachonga pia, sifichi. Kwa hiyo wanaotaka kuiba kwa ujanja hufika kwangu kabla ya kufika kwenu. Huja na picha kwenye simu: "Fundi, nataka kama huu, lakini uwe mzee." Nikiuliza mlango wenyewe uko nyumba gani, mazungumzo hubadilika. Ninayoyaandika hapa ni yale ninayowaambia jirani zangu, wenye nyumba za mawe na wasio nazo, maana msahafu wa babu hauhitaji ghorofa mbili ndipo uibiwe.

Anza na picha, leo hii

Watu wa Malindi wanajua habari ya vigango, zile nguzo za mbao ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee wao wa Gohu, chama chao cha wazee, waliokufa. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibiwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi huko Marekani, Udvardy akaona picha za vitu vya jumba moja la makumbusho la Illinois, na kimojawapo kilikuwa kile kile. Cha pili kikapatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 familia ilikabidhiwa vyote viwili, mzee mwenyewe akiwa ameshafariki.

Sasa linganisha na vigango 30 ambavyo jumba la makumbusho la Denver liliamua kuvirudisha mwaka 2014. Nia ilikuwa njema, lakini haikujulikana vilitoka boma gani wala vilikuwa vya marehemu gani. Picha moja ndiyo iliyokosekana.

Basi piga picha. Simu ya kawaida yatosha, ila usipige saa sita mchana wala usitumie taa ya simu, kwa sababu nakshi hulala ikimulikwa kutoka mbele. Ngoja asubuhi au alasiri, jua likipita ubavuni, ndipo kila ua linapotupa kivuli chake na patasi ilipopita panaonekana. Weka futi kamba kwenye ukingo, nayo itoke pichani. Piga mlango mzima, halafu mwimo wa kulia, wa kushoto, kizingiti cha juu, mfaa wa katikati, komeo, kisha zunguka nyuma. Watu husahau nyuma, na nyuma ndiko mbao isikosafishwa na mtu. Palipo na misumari, piga misumari.

Kisha tafuta kasoro. Ua lililokosewa, fundo la mti lililomlazimisha fundi apinde mstari, ufa uliozibwa, alama ya taa ya mafuta iliyounguza mbao, kipande kilichotiwa kiraka. Karibia, piga kila kimoja peke yake. Milango ya Lamu inafanana, na ukienda polisi useme "mlango wa nakshi, wa zamani" hujasema kitu. Kasoro hazifanani.

Karatasi ya kila kitu

Kuna utaratibu unaotumika dunia nzima wa kuandika habari za kitu cha turathi, huitwa Object ID. Ulianzishwa na taasisi ya Getty mwaka 1993, ukazinduliwa 1997, na sasa uko mikononi mwa ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho. Hauna ugumu wowote: ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, kina urefu, upana na unene gani, kimeandikwa nini, kina alama gani za kukitambulisha, kinaonyesha nini, ni cha zamani kiasi gani, kimetengenezwa na nani. Andika kwa Kiswahili, kwa mkono, kwenye daftari la mtoto kama ndilo lililopo. Polisi wa nchi nyingine akitafsiriwa ataelewa.

Mimi naongeza mambo mawili. La kwanza ni maneno ya wazee. Kama bibi anasema mlango uliletwa kutoka Siyu kwa mashua wakati wa harusi ya mama yake, andika hivyo hivyo, na jina la bibi, na tarehe aliyosema. La pili ni maandishi ya kizingiti cha juu. Penye aya au mwaka wa Hijria, piga picha ya karibu na uyanakili kwa mkono, usitegemee kwamba kila mtu atayasoma. Mtu akija na mlango wenye mwaka juu yake na kusema ameununua Zanzibar, karatasi yako itamjibu.

Hifadhi nakala kwenye simu, nyingine kwenye barua pepe, na ya kuchapishwa kwa ndugu aliye mji mwingine. Lakini tafadhali, vijana: msiitie Facebook mkataja na mtaa. Wateja wa kwanza wa picha hizo ni wale niliowaeleza hapo juu.

Sheria inasemaje

Kwa ufupi, kwa sababu fundi si wakili. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Milango ina kifungu chake: mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 ni kitu kinacholindwa. Huwezi kuutoa nje ya nchi bila kibali, na anayefanya biashara ya vitu hivyo lazima awe na leseni. Kwa hiyo dalali akija, swali la kwanza si bei. Mwambie, "Leseni yako naomba niione," kisha mnyamazie. Mimi nimeona kanzu zikiondoka haraka kwa swali hilo.

Usidanganyike na maneno "nyumba ni yangu, mlango ni wangu." Ni wako, ndiyo. Kuupeleka Ulaya ndiko kusiko kwako peke yako. Na mji mzima huu wa kale uko kwenye orodha ya turathi za dunia ya UNESCO tangu 2001, wakati wageni wanaupiga picha na sisi tunaung'oa kipande kipande.

Kuutambua mlango wa uongo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapojua.

Mlango mpya huzeeshwa kwa oili chafu, chai nzito, moshi, rangi ya viatu, au kuzikwa kwenye udongo wenye chumvi. Kwa hiyo kabla ya kutazama, nusa. Mbao ya bambakofi iliyokaa miaka mia haina harufu ya gereji. Halafu nenda nyuma na tochi, uilaze tochi ubavuni. Mbao ya zamani imechongwa kwa tezo, ina mabonde madogo yasiyo sawa. Msumeno wa mashine huacha mistari ya mviringo au ya wima iliyo sawasawa. Hata ikipigwa randa, kuna pembe ambayo randa haikufika. Ingiza kidole humo.

Tazama uchakavu uko wapi. Mtu huugusa mlango penye komeo, hukanyaga kizingiti katikati, na watoto husugua miimo kwa urefu wa mabega yao. Mlango uliochakaa sawasawa kila mahali, hata juu ambako mkono haufiki, umechakazwa na mtu mwenye msasa. Matundu ya fukusi nayo husema. Mdudu hupinda njia yake ndani ya mbao, na ukipasua kidogo utaona vijia vikizunguka. Keke na drili hutoboa moja kwa moja. Jaribu kwa waya mwembamba: ukizama wima kila tundu, mdudu huyo alikuwa na umeme. Skrubu zenye msalaba kichwani, sina haja ya kuzieleza. Misumari ya mhunzi ina pande nne na vichwa visivyolingana.

Kiti cha enzi ni cha mpingo, na mapambo yake meupe ni pembe ya ndovu au mfupa. Chukua kioo cha kukuzia. Mfupa una vitone vyeusi, ndizo njia za damu za mnyama. Pembe ya ndovu, palipokatwa kwa mapana, ina mistari myembamba inayokatana kama wavu. Usichome kwa sindano ya moto kama wanavyofanya mitaani, utaharibu kitu halali. Na ukigundua ni pembe, jua kwamba biashara yake Kenya ni marufuku, kiti kiwe cha juzi au cha karne iliyopita.

Misahafu na vitabu vya mkono: inua karatasi moja mbele ya dirisha. Karatasi nyingi zilizotumiwa pwani hii zamani zilitoka Italia, na ndani zina alama ya miezi mitatu inayoonekana mwanga ukipita. Ukiiona, nyamaza, funika, peleka kwa anayejua. Anayeuza msahafu ukurasa mmoja mmoja usimwite mfanyabiashara, huyo ni mchinjaji. Njia nzuri ilishaonyeshwa hapa hapa: maandiko ya Msikiti wa Riyadha yalipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza, na vitabu vyenyewe havikuhama Lamu.

Nakala zangu, ukiuliza, zina jina langu na mwaka. Sipigi muhuri juu ya uso, maana utapigwa randa. Naandika kwa patasi mahali mbao mbili zinapoingiana, ndani, ambako lazima uuvunje mlango ndipo ufute. Mafundi wenzangu, fanyeni hivyo. Mteja anayekataa jina lako kwenye kazi yako ameshakwambia anataka kuifanyia nini.

Mlango unapokwenda kutengenezwa

Wizi wa kijanja kuliko wote ni huu: mlango unachukuliwa kukarabatiwa, unarudi mwingine. Mwenye nyumba anafurahi, umependeza, rangi imeng'aa. Kwa hiyo usiutoe kabla ya picha. Weka alama yako ya siri, nukta tatu za msumari nyuma ya mfaa kwa mfano, na umwambie mtu mmoja tu. Taka risiti yenye vipimo. Na ikiwezekana fundi aje nyumbani. Kazi nyingi ya mchwa hufanyika pale pale ndani ya daka, kibaraza cha mlangoni, bila kung'oa hata mwimo mmoja.

Kikipotea

Siku hiyo hiyo nenda polisi, uandikishe, usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Kutoka hapo nenda ofisi ya makumbusho, ukiwa na picha na karatasi yako. Omba polisi wapeleke habari kwa ofisi ya Interpol ya Nairobi, kwa sababu orodha ya kimataifa ya vitu vya sanaa vilivyoibiwa, ambayo ina vitu zaidi ya 50,000, haiingizwi na mtu binafsi. Kuitazama waweza: tangu 2021 kuna programu ya simu ya Interpol iitwayo ID-Art, ya bure. Pia ina fomu ya kuandikia vitu vyako kwa ule utaratibu niliousema.

Wakati karatasi zinatembea, wewe tembea jeti. Kisiwa chetu kina faida hii: mlango hauondoki bila hamali, punda na chombo. Waulize wenye punda kwa upole, wala usianze kwa kutuhumu. Waulize na manahodha wa Mokowe nani alibeba mbao ndefu zilizofungwa. Ulizia miimo na vizingiti kimoja kimoja, maana mlango husafirishwa umekongolewa.

Ukiona kitu chako kinauzwa kwenye mtandao, usimwandikie muuzaji. Hifadhi picha ya ukurasa, anwani yake, tarehe na jina la akaunti, uvipeleke polisi na makumbusho. Ukimwandikia, atafuta saa ile ile. Wala usikinunue tena kwa dalali kwa kuona haya majirani wasijue. Ukilipa mara moja, atajua nyumba yako inalipa.

Siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe ya Pate, zile baragumu za kale za watawala, ziko makumbusho, na mwizi mwenye akili hazitamani, kwa kuwa hakuna asiyezijua na hatapata wa kumuuzia. Kiti chako hakina umaarufu huo. Karatasi ndiyo itakayokitangaza.

Limebaki la warithi, nalo ndilo gumu. Nyumba ina ndugu saba, wawili wako Jeddah, mmoja Nairobi, na mlinzi analipwa ikikumbukwa. Kaeni kikao mkiwa hai na mkipendana. Orodhesheni vitu, kila mmoja atie sahihi kwamba hakiuzwi kitu bila wote kukubali, na nakala moja mpelekeeni wakili au kadhi. Asiyeweza kutunza msahafu azungumze na makumbusho waupokee kwa maandishi, ikielezwa wazi ni wa nani na kwa masharti gani. Picha mkizichapisha, andikeni nyuma kwa penseli, siyo kwa bairo. Wino huvuja kwa joto letu, na maneno yakaharibu sura ya upande wa pili.