Jinsi ya kumsimulia Heracles kwa watoto, vijana na watu wazima

Hatua ya 1: Sababu kwanza. Andika kwa sentensi moja kwa nini Heracles, shujaa wa hekaya za Kigiriki, alifanya zile kazi 12 ngumu. Hapa ndipo masimulizi mengi yanapoharibika. Kwa Apollodorus, mwandishi wa kale aliyekusanya hekaya hizo, mungu wa kike Hera alimtia wazimu, akawatupa wanawe motoni. Alipozindukana akaenda Delphi, kwenye hekalu la utabiri, akaagizwa amtumikie mfalme Eurystheus. Ukiifuta sababu hiyo bila kuweka nyingine, mtoto wa miaka 7 atakuuliza: mbona mtu mwenye nguvu hivyo anatumwa na mfalme mwoga? Hutakuwa na jibu.

Hatua ya 2: Watoto, miaka 6 hadi 9. Sema: "Alipandwa na wazimu, akawaumiza watu wa nyumbani kwake. Fahamu zilipomrudia, akataka kutakaswa." Inatosha, moto usiutaje. Chagua kazi 3, zisizidi dakika 15. Simba wa Nemea asikosekane: mishale haipenyi ngozi yake, na pango lake lina milango miwili. Heracles anaziba mmoja, anaingilia wa pili, anamkaba kwa mikono mpaka anakata roho. Eurystheus naye, kwa hofu, anatengenezewa mtungi wa shaba ardhini wa kujifichia. Mpe sauti nyembamba anapoongea kutoka mle ndani. Watoto watacheka wenyewe.

Hatua ya 3: Vijana. Hawa wape ugomvi wa hesabu. Mwanzoni kazi zilikuwa 10. Eurystheus aliikataa ya kumuua Hydra, nyoka wa vichwa vingi, kwa kuwa Iolaus, mtoto wa ndugu yake Heracles, alisaidia kuchoma shingo ili vichwa visichipue tena. Akaikataa na ya kusafisha mazizi ya mfalme Augeas, kwa kuwa Heracles alidai ujira: sehemu ya kumi ya ng'ombe. Nyongeza mbili, zikawa 12. Simama hapo, uliza nani kadhulumiwa, kisha nyamaza.

Angalia majina pia. Hercules ni jina la Kirumi, huenda na Jupiter na Juno, majina ya Kirumi ya Zeus na Hera. Ukimweka pamoja na Zeus, hakosi kijana wa kukusahihisha.

Hatua ya 4: Watu wazima. Fuata mpangilio wa Euripides, mtunzi wa tamthilia wa Kigiriki: kazi zimekwisha, anarudi Thebes, anaiokoa familia yake mikononi mwa Lycus aliyenyakua ufalme, ndipo wazimu unamshika. Anamuua mkewe Megara na wana watatu. Kazi si malipo ya kosa tena, na ushindi wote ule haukumkinga. Usichanganye na Apollodorus, ambako Megara anabaki hai na baadaye anaozwa kwa Iolaus. Malizia kwa mfalme Theseus akimchukua rafiki yake kwenda Athens. Kumpandisha Olympus, makao ya miungu, hapa kutayafanya mauaji yaonekane madogo.