Namna ya kufundisha, huku pwani, vita vya Songhai, kwa kamba ya katani na vifuu vya nazi

Nafundisha tuisheni ya historia kwa watoto wa kidato cha pili hapa Sahare, Tanga. Zamani somo la Songhai, dola kubwa ya Afrika Magharibi kando ya mto Niger, nililianzia Tondibi, waliposhindwa na jeshi la Moroko lenye bunduki, na watoto waliondoka wakijua jambo moja tu: kwamba Songhai walipigwa. Siku moja mtoto wa mvuvi akaniuliza, "Mwalimu, kama walikuwa dhaifu hivyo, walitawalaje?" Nikakosa jibu. Tangu hapo naanza na mto, na nafundishia mchangani.

Chukua kamba ya katani ya pima tano, vifuu kumi na tano, simbi za kujaa kiganja, na fimbo. Usiende siku za bamvua, maji yatakuwahi. Ngoja maji mafu, ushuke yakiwa yamekupwa.

Kaskazini ya ramani ielekee bara, kusini ielekee baharini. Laza kamba kama upinde: Niger inaanzia milima ya Guinea, inapanda mpaka ukingoni mwa jangwa, kisha inashuka kusini-mashariki. Juu ya upinde weka simbi ya Timbuktu. Hatua moja mashariki ni Gao, makao ya mfalme. Hatua moja kusini ya Timbuktu ni Jenne. Kwa kipimo hicho, Marrakesh, mji wa mfalme wa Moroko, iko karibu hatua sita kutoka Gao, juu kwenye mchanga mkavu. Mpeleke mtoto mmoja akasimame huko asubiri. Na waambie kwamba simbi zilikuwa fedha katika masoko ya Songhai, zikitoka Maldivi, bahari hii hii yetu.

Sasa gawa vifuu, ndivyo mitumbwi ya jeshi, na hapa usiwe na haraka. Sunni Ali, mfalme wa Songhai aliyetawala 1464 hadi 1492, alikuwa na farasi, lakini nguvu yake ilielea. Wasorko, wavuvi wa mto, walimpelekea askari na chakula kwa mitumbwi, na mkuu wa vyombo aliitwa hi-koi: hi ni mtumbwi, koi ni mwenyewe. Watoto wa Sahare hawahitaji maelezo zaidi. Timbuktu aliitwaa 1468.

Jenne ijenge kwa mchanga uliolowa, kimo cha goti, iwe ndiyo ya kwanza kufikiwa na maji. Yakianza kujaa, nyamaza. Yataizunguka polepole hadi iwe kisiwa. Ndivyo mzingiro wa Jenne ulivyokwenda: mto ukifurika, jeshi la Sunni Ali lilirudi nyuma likalima, maji yakishuka, likarejea vitani. Masimulizi yanasema miaka 7, miezi 7 na siku 7. Mwaka jana binti mmoja alichovya kidole kwenye maji yaliyouzunguka mji, akasema taratibu, "Kumbe nao walikuwa wanayatazama maji kama sisi." Sikuongeza neno.

Kisha mpe mtoto fimbo achimbe mfereji kutoka upinde wa mto kuelekea magharibi, jangwani. Sunni Ali alianza kuchimba mfereji wa namna hiyo ili vyombo vyake vifike Walata, mji wa biashara ukingoni mwa jangwa. Aliacha kazi aliposikia mfalme wa Wamossi anakuja na jeshi, akamgeukia na kumshinda, 1483. Wamossi waweke kusini, ndani ya upinde. Walikuwa wapanda farasi hodari, na Walata walikwisha kuishambulia 1480.

Askia Muhammad, mfalme aliyeshika utawala 1493, mpitie kwa kifupi: alipanua dola na kuipanga kwa majimbo.

Kabla ya Tondibi, tembea mashariki, ng'ambo ya kamba, uonyeshe Bornu karibu na Ziwa Chad. Karne hiyo hiyo ya 16, mfalme wake, Mai Idris Alooma, alikuwa na askari wa bunduki. Nasisitiza hili kila mwaka, kwa sababu watoto hudhani bunduki ilikuwa ya wageni tu.

Sasa mwite yule wa Marrakesh. Judar Pasha, jemadari wa Moroko, aliondoka huko Oktoba 1590 na askari wapatao 4,000, akavuka jangwa, akafika Tondibi, karibu na Gao, Machi 1591. Askia Ishaq II, mfalme wa Songhai, alikuwa na watu wengi zaidi. Songhai walitanguliza ng'ombe, mlio wa bunduki ukawatisha, wakageuka kuwakanyaga wenyewe. Lakini usiishie kwa ng'ombe. Wako askari wa miguu waliotupa ngao zao chini, wakazikalia, wakabaki pale pale mpaka wakauawa. Waache watoto wakae mchangani hivyo, kimya, kwa dakika moja.

Halafu kusanya vifuu vilivyobaki, uvishushe kwa kamba mpaka Dendi, nchi ya Songhai ya kusini, upande wa bahari, ambako mchanga utakuwa umeshalowa. Askia Nuh, mfalme wa mabaki ya Songhai, alipigana huko kwa miaka kadhaa, vichakani na kwenye madimbwi, ambako bunduki za Marrakesh hazikufaa sana. Yule mtoto wa Marrakesh mwambie amfuate huko bila kuvua viatu.