Kabla Sururu Haijagusa Udongo wa Uwanja Wako

Kabla hujamwita fundi aje kuchimba msingi wa ukuta, shimo la karo au mtaro wa kupitishia waya, hakikisha unajua kilicholala chini ya uwanja wako. Mimi sikujua, na gharama ya kutojua nimeilipa mara tatu: kwa mamlaka ya maji, kwa fundi bomba na kwa jirani yangu wa bondeni.

Anzia kwenye mita. Tazama bomba linazama ardhini kuelekea upande gani, kisha nenda kwenye tangi uone linaibukia wapi, na usidhani kwamba katikati hapo limenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Aliyelitandaza huenda alikwepa mwembe ambao leo haupo, au alifuata mpaka wa zamani kabla kiwanja hakijagawanywa. Muulize aliyekuuzia, waulize majirani wa pande zote, kisha pita ofisi ya serikali ya mtaa, kwa sababu katika maeneo yaliyojengwa kabla ya kupimwa ni jambo la kawaida bomba la mwenzako kupita chini ya uwanja wako kwa makubaliano ya mdomo yaliyofanywa na watu waliokwisha kuhama. Omba pia mtumishi wa mamlaka ya maji aje akuonyeshe njia ya bomba kubwa, na akifika mtake kitambulisho, maana vishoka wamejaa.

Jifunze rangi. Bomba jeusi la plastiki lenye mistari ya bluu ni la maji. Lenye mistari ya njano, au la njano lote, ni la gesi, na kwa Dar es Salaam hilo si jambo la kufikirika tena, kwa kuwa Mikocheni na sehemu nyingine chache tayari kuna nyumba zinazopikia gesi asilia inayofika kwa bomba. Ukisikia harufu ya gesi mtaroni, ondoa watu wote, usiwashe kitu chochote, na upige simu ukiwa umeshafika mbali. Kuhusu umeme sina maneno mengi: kama waya kutoka kwenye nguzo hadi kwenye nyumba yako umepita chini, usiruhusu mtaimbo upande huo kabla umeme haujakatwa na wenye mamlaka ya kuukata.

Chora njia zote kwa chokaa juu ya ardhi. Karibu na mstari wa chokaa weka sururu pembeni, mchimbaji atumie sepetu na aparue udongo kidogo kidogo, kwa kuwa mabomba mengi ya majumbani hayakufukiwa hata futi mbili, na mvua za miaka kadhaa zikishakula udongo wa mteremko hubaki nusu ya hapo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Mwishoni mwa mwaka 2022 maji ya Mto Ruvu yalipungua sana kwa ukame, na jiji likaingia kwenye mgao. Mimi nilikuwa Kimara, kwenye mteremko, najenga ukuta wa uzio. Siku ya tatu ya kuchimba, sururu ya kijana mmoja ilikata bomba jeusi lililoganda matope, na halikutoa hata tone. Fundi aliinama, akalipuliza kwa mdomo, akasikiliza, kisha akaniambia kwa uhakika wote, “Hili limekufa zamani, dada, wenyewe walishahama.” Nilimwamini, ingawa bomba la kwangu nalo lilikuwa na siku tano bila maji na hakuna aliyekuwa akilihesabu kuwa limekufa. Walikata kipande cha urefu wa mkono kilichokuwa kikizuia msingi, wakamimina zege, tukaagana jioni.

Saa tisa usiku maji yalitoka. Wakati wa mgao mtu huyatambua kwa sauti kabla hajayaona: ndoo zinagongana, milango inafunguliwa, mtu anaita watoto waamke. Nami niliamka kwa furaha. Kabla sijajaza ndoo ya pili nikasikia sauti ya mzee wa nyumba ya chini, “Mwanangu, hebu njoo na tochi, karo langu linafurika.” Maji yalikuwa yakitoka chini ya msingi wangu mpya, yakitiririka bondeni na kuingia moja kwa moja kwenye shimo lake, na kilichokuwamo shimoni kilikuwa kikipanda kuelekea mlangoni kwake.

Tulitafuta koki ya kufungia. Mzee aliikumbuka vizuri, ilikuwa kwenye kichemba kidogo kando ya njia, na juu ya kichemba hicho lilikuwa limemwagwa lori zima la kokoto zangu. Tulizihamisha kwa mabeleshi na kwa mikono, watu saba, mpaka adhana ya alfajiri.

Hilo lilikuwa nusu ya msiba. Bomba lile lilikuwa likizihudumia nyumba nne za chini, na baada ya kulirekebisha matangi yao yalipokea maji ya rangi ya chai. Bomba lililojaa maji husukuma nje kila linachokikuta kwenye tundu. Likiwa tupu hali hugeuka, kwa kuwa maji yaliyobaki yanapoteremka bondeni hunyonya matope na chochote kilicho karibu na mpasuko, na karibu na mpasuko wangu kulikuwa na karo. Katika jiji linalokijua kipindupindu, ilibidi niwaombe majirani wanne wamwage maji waliyoyangojea kwa siku tano, kisha niwalipie wa kuwasugulia matangi na dawa ya kutibia maji.

Kwa hiyo bomba kavu lihesabiwe kuwa hai mpaka mamlaka ya maji yenyewe iseme vinginevyo. Likikatwa, kazi isimame hapo hapo, koki ifungwe, ncha zote mbili zizibwe kwa mfuko safi na kamba ili tope lisiingie, na taarifa itolewe siku hiyo hiyo hata kama hakuna aliyeona. Kuficha hakusaidii, kwani maji yatakusema, na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 imeuweka uharibifu wa miundombinu ya maji kuwa kosa. Usikubali ile tiba ya kulifunga kwa mpira wa baiskeli na kufukia. Kiungio cha kipimo chake kinapatikana duka lolote la vifaa vya maji, na bei yake haifiki hata robo ya zege niliyolazimika kuivunja. Maji ya kwanza yaachwe yamwagike nje hadi yatakate, ndipo yaelekezwe kwenye matangi. Zaidi ya yote, mtaro uachwe wazi mpaka maji yatoke angalau mara moja na kiungio kionekane kikavu, hata kama mgao utachukua wiki nzima na fundi atanung’unika kwamba unamchelewesha.

Kokoto, mchanga na matofali vimwagwe mbali na koki na vichemba, na dereva wa lori aonyeshwe mahali kabla hajainua bodi. Mtaro ulioachwa wazi uwekewe kamba na mbao, kwa maana watoto hupita gizani. Namba ya dharura ya mamlaka ya maji iwe kwenye simu ya zaidi ya mtu mmoja hapo nyumbani. Piga picha kabla ya kufukia, na futi ya kupimia ionekane kwenye picha. Usiwaache vibarua peke yao siku za mwanzo, usilipe fedha yote kabla maji hayajatoka, na fundi akikuambia jambo limekufa, muulize amelijuaje. Mimi njia za mabomba nimezichora kwa rangi ya mafuta nyuma ya mlango wa stoo, pamoja na ile ya nyumba nne za chini, na mwenye kuja na sururu hupelekwa stoo kwanza.