Somo: Kupanda Corcovado na Kuielewa Sanamu ya Kristo Mkombozi

Somo hili linawahusu wanaojiandaa kwenda Rio de Janeiro, Brazili, na wenye nia ya kuiona sanamu ya Kristo Mkombozi iliyosimama juu ya mlima Corcovado. Wageni wengi hufika kileleni, hupiga picha wakiwa wamenyoosha mikono, kisha hushuka kabla ya nusu saa kwisha. Naandika kwa kirefu kidogo kwa sababu anayejua sanamu hii ilivyojengwa huona mengi zaidi, ingawa amesimama palepale waliposimama wenzake.

Hatua ya kwanza: Ijue historia kabla ya kukata tiketi

Katika miaka ya 1850, padre Pedro Maria Boss alipendekeza kileleni pajengwe kumbukumbu ya kidini kwa heshima ya Binti Mfalme Isabel. Pendekezo hilo halikufika mbali, na baada ya Brazili kuacha ufalme na kuwa jamhuri mwaka 1889, serikali ilipotenganishwa na Kanisa, jambo lenyewe likalala kabisa. Walioliamsha ni Wakatoliki wa Rio baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambao waliona kwamba taifa lao linampa Mungu kisogo. Walikusanya saini na michango, na jiwe la msingi likawekwa tarehe 4 Aprili 1922, mwaka ule ule Brazili ilipotimiza miaka 100 ya uhuru.

Mchoro wa kwanza wa mhandisi Heitor da Silva Costa ulimwonyesha Kristo akishika msalaba kwa mkono mmoja na tufe la dunia kwa mkono wa pili, na watu wa mji wakaupachika jina la "Kristo mwenye mpira". Silva Costa aliuacha mchoro huo, na kwa kushirikiana na mchoraji Carlos Oswald akafikia umbo tunalolijua leo, ambalo halishiki msalaba wowote kwa kuwa mwili wenyewe, kwa mikono iliyonyooshwa, ndio msalaba. Mchongaji Paul Landowski aliifanya kazi ya umbo huko Paris, Mromania Gheorghe Leonida akashughulikia uso, na mhandisi Mfaransa Albert Caquot akasaidia hesabu za kuiwezesha mikono hiyo kuhimili upepo wa kileleni.

Sasa niruhusuni nikae kidogo kwenye jiwe. Sanamu imejengwa kwa zege lenye nondo, lakini Silva Costa hakuridhika na sura ya zege tupu, ambalo kwake lilikuwa kavu mno kwa kazi ya namna hii. Aliamua kulivika vigae vidogo vya pembetatu vya jiwe la sabuni, takriban milioni 6, kutoka jimbo la Minas Gerais. Msomaji aliyewahi kushika kinyago cha Kisii kutoka Tabaka, Kenya, analijua jiwe la aina hii: ni laini kiasi kwamba ukucha huacha alama, linateleza mkononi kana kwamba limepakwa sabuni, lakini halipasuki kwa jua wala kwa mvua. Vigae hivyo vilibandikwa kimoja kimoja juu ya vipande vya kitambaa na wanawake waliojitolea, na baadhi yao waliandika majina ya wapendwa wao nyuma ya vigae kabla havijapandishwa mlimani. Kwangu mimi, hakuna jambo katika historia yote ya sanamu hii linalonigusa kuliko hilo.

Ilizinduliwa tarehe 12 Oktoba 1931. Ina urefu wa mita 30, imesimama juu ya kitako cha mita 8, na kutoka ncha ya mkono mmoja hadi ya mwingine ni mita 28. Mlima wenyewe una mita 710.

Hatua ya pili: Chagua msimu na saa

Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hupungua na anga huwa safi zaidi, ilhali Desemba hadi Machi ni kipindi cha joto na mvua za ghafla. Sanamu inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua huuangaza uso wake, na alasiri huwa nyuma yake na kuigeuza kivuli. Nenda na safari ya kwanza ya asubuhi ukiweza.

Kabla ya kutoka, utazame mlima kutoka mjini. Mara yangu ya kwanza sikufanya hivyo. Nilipanda huku wingu limekaa kileleni, na kwa zaidi ya saa nzima nilichokiona ni kitako na pindo la vazi tu. Palipofunuka, mkono mmoja ulitokeza peke yake angani kwa muda mfupi, ukafunikwa tena. Sijutii, lakini aliyesafiri mbali kwa siku mbili tu asijaribu bahati yake namna hiyo.

Hatua ya tatu: Chagua njia ya kupandia

Ziko njia tatu: treni kutoka mtaa wa Cosme Velho, mabasi madogo yaliyoidhinishwa, na miguu.

Mimi napendekeza treni bila kusita. Reli hii ya meno (yaani yenye meno katikati yanayoisaidia treni kupanda mteremko mkali), yenye urefu wa karibu kilomita 4, ilifunguliwa mwaka 1884 na Mfalme Pedro II, miaka 47 kabla ya sanamu kuzinduliwa. Ndiyo iliyobeba vifaa vya ujenzi, hivyo unapanda kwa njia ile ile iliyopandishia sanamu. Safari huchukua kama dakika 20. Kaa upande wa kulia ili uone mji unavyofunguka kati ya miti. Huo ni msitu wa Tijuca, ambao ulikuwa umefyekwa kwa ajili ya mashamba ya kahawa hadi mji ukakosa maji, ukapandwa upya kuanzia miaka ya 1860 kwa mikono ya watumwa. Wenzetu wa Tanga na Unguja watashangaa kuona mafenesi yamening'inia kando ya reli. Wareno ndio walioyaleta huko, na yameenea msituni kupita kiasi. Tiketi huwa na saa maalumu, hivyo inunue mapema.

Mabasi madogo huondoka mitaa ya mjini ya Copacabana na Largo do Machado, nayo yanafaa treni ikijaa. Njia ya miguu kutoka bustani ya Parque Lage, chini ya mlima, ni kali, ina sehemu ya kushika minyororo mwambani, na wapandaji wamewahi kuporwa humo. Usiende peke yako.

Hatua ya nne: Ukifika kileleni

Pita kwanza nyuma ya kitako, ambako pana kikanisa cha Bikira Maria wa Aparecida kilichowekwa wakfu mwaka 2006. Humo hufanyika misa, ubatizo na ndoa, kwa hiyo punguza sauti. Kisha uisogelee sanamu na kutazama juu kwa utulivu: vigae huonekana kama magamba madogo, vingine vyeupe, vingine vimekolea kijivu. Picha zitafuata.

Maswali ya wasomaji

*Mwalimu, ni kweli kwamba sanamu hii ilikuwa zawadi kutoka Ufaransa?*
Si kweli, ingawa maneno hayo yameenea sana. Gharama zililipwa kwa michango ya Wakatoliki wa Brazili. Ufaransa ilichangia mafundi wake, yaani Landowski na Caquot, lakini sanamu ilijengwa pale pale mlimani.

*Nitasafiri na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua. Ataweza?*
Ataweza, dada. Zamani palikuwa na ngazi zaidi ya 200, lakini tangu mwaka 2003 pana lifti na ngazi za umeme. Mpandishe kwa treni, na msipange saa ya msongamano.

*Mimi ni Mwislamu. Je, naruhusiwa kuingia?*
Naam, ndugu yangu. Eneo limo ndani ya hifadhi ya taifa, na watu wa imani zote huingia. Kinachotakiwa ni kuwaachia utulivu waumini wakati wa ibada.

*Kuna chanjo inayohitajika?*
Chanja homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya safari, na utunze cheti. Anayeingia Tanzania kutoka nchi yenye ugonjwa huo, kama Brazili, hutakiwa kukionyesha.

*Nimesikia radi huipiga. Ni hatari kwa wageni?*
Huipiga mara kwa mara, licha ya vinga-radi vilivyowekwa kichwani na mikononi. Januari 2014 ilivunja ncha ya kidole gumba cha mkono wa kulia, kikatengenezwa. Ukisikia ngurumo, ondoka kwenye jukwaa la wazi, ukajikinge ndani.

*Yale majina waliyoandika wanawake, mtu anaweza kuyaona?*
Hapana. Upande ulioandikwa ndio ulioelekea kwenye zege, na umefunikwa humo tangu siku kigae kilipobandikwa.