Jinsi ya kuandika maelezo ya zana ili AI isiboronge bei ya korosho

Kama unatengeneza chatiboti ya WhatsApp ya kumjibu mkulima wa Tandahimba au Ruangwa bei ya mnada, na nyuma yake kuna AI inayoita API kupitia zana (kazi ulizoiandalia, kama kuleta bei), basi kabla hujaanza kubadilisha modeli kila wiki elewa hili: AI haioni programu yako. Haioni databesi, haioni komenti ulizoandika kwenye faili, haijui kwamba msimu wetu wa korosho unaanza Oktoba na kuvuka mwaka. Inaona jina la zana, maelezo yake na parameta zake (sehemu za kujaza, kama chama au tarehe) kwenye maandishi ya JSON, basi. Hapo ndo inaamua iite ipi na ijaze nini. Hata ukitumia MCP, ile njia ya kuunganisha AI na zana ambayo Anthropic waliitoa Novemba 2024, mambo ni yale yale.

Sasa mtu anaandika "inaleta bei" halafu analalamika AI ni jinga. Bei ya nini jamani, korosho, ufuta au mbaazi? Ya juu au ya chini, kwa kilo au kwa tani, ya leo au ya mnada uliopita? Andika kama unamwelekeza mgeni aliyeshushwa na basi Mnazi Mmoja ya Lindi usiku, mwambie barabara ya kwenda Masasi ni ipi na ipi asiishike kabisa.

Jina lisiwe fumbo, pata_data halimsaidii yeyote, bei_mnada_korosho linajieleza lenyewe. Maelezo yenyewe mimi ningeandika hivi:

"Inarudisha bei ya juu na ya chini ya korosho ghafi kwenye mnada wa mwisho uliofanyika wa chama kikuu kimoja cha ushirika, kwa shilingi ya Tanzania kwa kilo. Itumie mtu akiuliza korosho imeuzwaje. Usiitumie kwa ufuta wala mbaazi, tumia bei_mnada_mazao. Usiitumie kujibu malipo yanaingia lini wala kubashiri mnada ujao. Bei hii haijatolewa makato, siyo hela anayopokea mkulima. Jibu linakuja na tarehe ya mnada, mtajie mtu hiyo tarehe kila mara."

Ona zile "usiitumie", watu wengi wanaziruka na ndo zenye kazi kubwa kuliko zote, hasa ukiwa na zana mbili zinazofanana. Na ile ya makato usiifute kabisa, maana mkulima akiambiwa bei ya mnada akaanza kupiga hesabu ya bati na ada za watoto, halafu kwenye akaunti ikaingia pungufu, atakayetukanwa ni wewe na siyo AI.

Parameta ndo penye mitego yetu sisi watu wa Kusini. Mkulima haandiki jina la chama kikuu, anaandika "Newala". Kwa hiyo weka orodha iliyofungwa ya vyama vikuu, MAMCU, TANECU, RUNALI, LINDI_MWAMBAO, AI isibuni jina lake, halafu kwenye maelezo ya hiyo parameta andika kabisa: Tandahimba na Newala ni TANECU, Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI, na kuendelea hivyo. Kama una zana ya maghala inayotaka halmashauri, onya kuhusu Nanyamba na Nanyumbu, ni sehemu mbili tofauti ila mtu akikosea herufi moja mbili tu AI inaweza kumpeleka kwingine, afadhali imuulize kwanza. Masasi nayo kuna Mji na kuna Wilaya. Tarehe weka na mfano, 2025-11-07, na msimu uandikwe 2024/2025 siyo mwaka mmoja.

Saa ndo balaa zaidi. Mtu akisema basi la saa kumi na mbili asubuhi anamaanisha 06:00, modeli inaweza kujaza 12:00 bila wasiwasi wowote. Andika kwenye parameta kwamba mtumiaji anataja saa za Kiswahili na zana inataka za masaa 24, na weka mfano mmoja wa asubuhi na mmoja wa usiku.

Kitu ambacho programu yako inakijua tayari, mfano namba ya simu ya anayeuliza, usimwombe AI akijaze, kiweke mwenyewe huko kwenye sava. Vinginevyo siku moja mtu ataandika namba ya jirani yake na kuoneshwa kilo za jirani.

Majibu ya makosa nayo ni maelezo pia. "Kosa 400" halisemi kitu, ila "chama 'Newala' hakipo, jaribu TANECU" AI inajirekebisha yenyewe. Na kama hakuna mnada uliopatikana sema wazi hakuna, maana ukirudisha patupu inaweza kujitungia bei.

Zana inayofanya kitu, kama kutuma SMS kwa wanachama wote wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), andika kwamba ikishatumwa hairudi na lazima mtu athibitishe kwanza. Ila maelezo siyo kufuli bwana, zuia na kwenye sava pia.

Urefu? Sentensi tatu mpaka sita zinatosha kwa zana nyingi, kila neno linakula tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli inavisoma) kila ukiita. Na usimwagie zana lukuki kwa mpigo, zinazofanana ziunganishe.

Ukimaliza chukua maswali jinsi watu wanavyoandika kweli, "jmn korosho newala leo bei gn", "anda gredi je" (yaani korosho za daraja la chini), angalia imeita zana gani na imejaza nini, badilisha sentensi moja moja siyo zote kwa pamoja la sivyo hutajua kipi kimesaidia. Hayo maswali yatunze kwenye faili na uyarudie kila unapoongeza zana au kubadilisha modeli.